Onja Kwanza, Ndipo Umimine

Yai halivunjwi na barabara. Linavunjwa na mtu aliyelipanga. Nimebeba mayai kutoka soko la Isiolo mpaka kwenye mawe meusi huko kaskazini, mwendo wa siku tano bila lami, na yakafika mazima, kwa sababu nilikuwa nayazika ndani ya unga wa ugali, moja moja, kwenye ndoo yenye kifuniko. Unga unapungua kwa kupikwa, mayai yanapungua kwa kuliwa, na siku ya mwisho ndoo ni tupu na haina harufu. Nyinyi siku hizi mna visanduku vya plastiki vyenye vishimo vya mayai, na bado nasikia mnafika mkiwa na omleti ndani ya sanduku. Sicheki. Haya, nacheka kidogo.

Mmeniomba niwaandikie yale niliyoyajua, nyinyi mnaoanza kazi ya kupeleka watu jangwani kulala kwenye mahema. Mimi ni Mama Kendi wa Chechelesi. Nilipika kwenye safari za kambi tangu miaka ile kaunti zilipoanza, hadi magoti yangu yaliponiambia basi. Sijui kuandika kwa mpango, kwa hivyo nitaandika kama ninavyokumbuka, na mkiona nimeruka kitu mje mniulize nyumbani. Lakini msije mikono mitupu, sukari imepanda.

Kwanza mambo ya jiko. Mkifika mahali pa kulala, msikimbilie kuwasha moto. Simameni, muone upepo unaelekea wapi. Moto uwe upande ule upepo unakoenda, mahema yawe upande unakotoka, ama sivyo wageni watalala wakikohoa na asubuhi watasema chakula kilikuwa kibaya hata kama walilamba sahani. Chimbeni shimo la moto lenye kina cha mkono hadi kiwiko. Chapati zipikwe asubuhi, maana mchana upepo wa kule unaamka, na mtakula mchanga uliotiwa chumvi. Nyanya nunueni za kijani, mzifunge moja moja kwenye gazeti, zitaiva njiani zenyewe. Sukuma wiki isahauni baada ya siku ya pili. Sahani sugueni kwa mchanga mkavu kabla ya kugusa maji, na kikombe kimoja cha maji kitatosha kusuuza sahani nane. Nilipoanza nilikuwa naosha vyombo kama niko kwenye mfereji wa nyumbani, hadi Guyo akaniuliza kama nimeleta mto Ewaso ndani ya gari.

Huyo Guyo ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake.

Lakini mjue kwanza mwenye magari. Aliitwa Farah. Babu yake aliletwa Isiolo akiwa askari wa Mwingereza, vita vikaisha, akabaki, na ukoo wake wote ukawa wa biashara na usafirishaji. Farah alikuwa na malori ya kupeleka bidhaa Moyale. Kaunti ilipokuja, na watu wakaanza kuuliza kuhusu sehemu ambazo zamani ziliitwa za hatari tu, akatenga Landikruza mbili kwa ajili ya wageni. Mimi nilikuwa na kibanda cha chakula karibu na stendi. Alikuja siku moja akala maharagwe na chapati, akala tena, halafu akaniuliza, "Mama Kendi, haya unaweza kuyapika mahali hakuna duka, hakuna maji, hakuna kitu?"

Nikamwambia, "Hapo ndipo nilipozaliwa." Ilikuwa uongo. Nilizaliwa Meru, kwenye migomba na mvua. Lakini nilikuwa mjane na Kendi alikuwa shule, na nilijua mwanamke mpishi wa safari hakuwahi kusikika pale mjini. Farah alinichukua huku ndugu zake wakimcheka. Tulielewana vizuri. Mbuzi akichinjwa alichinja yeye au Guyo, mimi nikangoja na karai, na sufuria zangu hazikuwahi kupikiwa kitu cha kuwafanya wasile. Mke wake alikuwa anatutengenezea nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo iliyokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Wiki nzima kwenye jua na haiharibiki. Kama hamjui kuitengeneza, jifunzeni kabla ya kujifunza kitu kingine chochote.

Guyo alikuwa Mborana wa Kulamawe, dereva na kiongozi wa njia. Alikuwa mtu mrefu mwembamba, anayeweka vijiko sita vya sukari kwenye chai na kusema daktari ndiye aliyekosea. Akiendesha alikuwa anaimba nyimbo za ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikufa wote kwenye ukame mmoja wa zamani, lakini aliwaimba kwa majina na rangi kana kwamba wako nyuma ya gari wanafuata. Mwanzoni nilidhani ana wazimu. Baadaye nikawa namkumbusha akisahau mmoja.

Nimefanya kazi na madereva wengi, na sijaona mwingine kama yeye. Kabla ya kuvuka laga, vile vijito vikavu vya mchanga vinavyomeza magari, alikuwa anashuka, anavua viatu, anavuka kwa miguu mpaka ng'ambo na kurudi kwa njia nyingine. Kisha anapunguza upepo wa magurudumu kwa njiti ya kiberiti, akihesabu kwa Kiborana, anapiga tairi teke na kusema, "Sasa mguu yake ni ya ngamia." Tunavuka. Kijana mmoja mgeni alimwonyesha simu yenye ramani, mstari umenyooka kupita kati ya vilima. Guyo aliitazama kwa heshima kabisa, akasema, "Hii simu ni mzuri. Lakini haijawahi kukwama." Tulizunguka, na tulipopita juu tukaiona ile njia ya simu imekatwa na korongo ambalo gari zima lingeingia likalala. Sisemi mtupe simu zenu. Nasema mshuke mvue viatu.

Na alikuwa na kikombe. Kikombe cha bati cha rangi ya samawati, kimebanduka mdomoni, kimefungwa kwa kamba kwenye mshipi wake. Kila safari, kabla hatujatoka uani kwa Farah, Guyo alikuja upande wangu, akafungua jerikeni za maji moja baada ya nyingine, akamimina kidogo, akaonja, akatema, akasema, "Haya." Jerikeni kumi na mbili, mara kumi na mbili. Tukijaza maji njiani, anaonja tena. Tena alikuwa na neno lake: usimimine maji juu ya maji kabla hujaonja yote mawili.

Mimi jambo hilo lilinikera. Nawaambia ukweli. Niliona kama ananikagua, mwanamke wa bara asiyejua jangwa. Na nilikuwa na kiburi changu mwenyewe. Kulikuwa na mama mmoja pale mjini anayepokea maziwa ya ngamia kutoka Kulamawe, na yeye ndiye aliyenifundisha kufukiza jerikeni. Unachoma vijiti vya mti wenye harufu nzuri ndani ya mkebe, unaifunika jerikeni kichwa chini juu ya moshi, inakunywa moshi mpaka inashiba. Maziwa hayaharibiki haraka na yanakuwa matamu. Mimi nikaanza kufukiza jerikeni za maji. Wageni walipenda sana. Walikuwa wanasema, "Maji ya Mama Kendi yana ladha," na mimi nikawa natembea mabega juu.

Sasa ile safari. Wageni walikuwa sita, wote wa ofisi moja ya Nairobi, watu wazuri, na kati yao mama mmoja mtu mzima aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu. Njia ilikuwa ndefu kuliko zote tulizowahi kufanya: Kulamawe, kuteremka mpaka Ewaso, kuvuka, kisha kaskazini kwenye uwanda wa mawe ambako kwa siku mbili huoni nyumba. Nilihitaji jerikeni nne zaidi. Dukani zilikuwa zimeisha siku hiyo. Uani kwa Farah kulikuwa na nne zilizokuwa za dizeli, tupu. Nikaziosha kwa sabuni ya unga, nikaziosha kwa majivu, nikaziosha kwa maji ya moto. Nikaziweka kwenye moshi nusu siku. Nikanusa: moshi mtupu, mtamu. Nikazifunga kitambaa chekundu, alama yangu ya maji, nikajaza.

Asubuhi ya kuondoka Guyo akaja na kikombe chake.

Nikamwambia mbele ya watu wote, "Mzee Guyo, dizeli ni yako, maji ni yangu. Umewahi kuniona nikija kuonja dizeli yako?"

Ua mzima ulicheka. Hata Farah alicheka. Guyo naye alicheka kidogo, akarudisha kikombe kwenye mshipi, akaenda kuangalia magurudumu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi niliposema yale maneno mguu wangu ulikuwa tayari hewani.

Lazima niwaeleze kitu kingine, maana bila hicho hamtaelewa. Macho ya Guyo yalikuwa yameanza kuchoka. Safari iliyotangulia alikuwa amesahau kufunga vizuri kifuniko cha tangi na dizeli ikamwagika njiani. Farah alimwambia, nikisikia, kwa sauti ya chini na bila ukali, kwamba kosa moja tena na itabidi apumzike nyumbani, achukuliwe dereva kijana. Guyo alijibu, "Sawa." Baada ya hapo akawa anaangalia kila kitu mara mbili, na akikujia na kikombe chake ulikuwa unajua ni kwa sababu hiyo pia.

Pipa kubwa la maji lilikaa nyuma ya pikapu aliyoendesha Guyo, pamoja na dizeli ya akiba na ule mpira wa kunyonyea dizeli. Mimi nilikaa naye mbele; Farah aliwabeba wageni kwenye ile Landikruza nyingine. Siku ya pili, ng'ambo ya Ewaso, pipa lilikuwa limeshuka nusu, wageni wameoga kama wako hotelini. Nilitaka nafasi ya kuni. Nikazichukua zile jerikeni nne nikazimimina zote ndani ya pipa. Sikuonja kitu. Asubuhi iliyofuata nikachota maji ya chai kutoka humo.

Yule mwalimu wa hesabu alikunywa kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu sana, "Mama, chai hii ina kiungo gani?"

Nilionja. Moto ulikuwa umefukuza moshi na kuacha kilichokuwa chini yake. Dizeli ilikaa kwenye ulimi na kukataa kutoka. Nilijua pale pale ni nini na ni nani. Nikakaa juu ya gunia la viazi.

Farah naye alionja, akatema, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu. Mpira wa dizeli ulikuwa umelala juu ya pipa, mahali ulipoteleza wakati wa safari. Akaushika, akamtazama Guyo.

"Mzee Guyo. Jana jioni ulipojaza tangi, mpira huu uliuweka wapi?"

Guyo aliutazama mpira. Akatazama kifuniko cha pipa. Aliweka mkono kwenye paji la uso.

"Sijui," alisema. "Labda ni mimi."

Hakuwa ananifichia kosa. Hakujua kitu. Aliamini kweli kwamba pengine ni yeye, kwa sababu kila mtu, na yeye mwenyewe, alikuwa anangoja akosee tena. Na mimi nilikuwa nimekaa pale juu ya viazi, nikafikiria Kendi na karo, nikafikiria ndugu za Farah watakavyosema si tulikwambia mwanamke haiwezi hii kazi, nikafunga mdomo.

Tulikuwa na chupa kumi na mbili za maji safi, za wageni, na jerikeni mbili zilizobaki. Kurudi nyuma ilikuwa siku nzima na mwisho wa safari. Mbele, mwendo wa masaa manne, kulikuwa na kisima cha wafugaji ambacho Guyo alikijua. Tatizo ni kwamba magari hayakuwa yanapewa maji pale, tangu wasafiri fulani walipofika wakaoga na kuosha gari kwenye birika la ngamia. Farah akasema twende tukaombe.

Masaa manne hayo ndiyo marefu kuliko yote niliyokaa kwenye gari. Guyo hakuimba. Kila baada ya kitambo aliniuliza kitu kimoja.

"Mama Kendi, jana wewe iliona mimi nafunga kifuniko?"

"Sikuona, Mzee."

Tunaenda. Mawe yanagonga chini ya gari. "Mpira nilikunja, nikaweka kwa upande ya kushoto. Ama hiyo ni juzi?"

"Sijui, Mzee."

Alipunguza mwendo kabisa, akaniambia kama mtu anayeuliza daktari, "Mtu ikipoteza macho ni sawa. Lakini akili pia?"

Nilitazama nje upande wangu. Nikajiambia nitamwambia Farah tukirudi Isiolo, polepole, nikipata nafasi nzuri. Mficha uchi hazai, mama yangu alikuwa anasema, na mimi nilikuwa nauficha kwa mikono miwili.

Kisima kilikuwa chini ya mteremko, na ngamia wengi wamekaa mbali kidogo kwa makundi, kila kundi na watu wake, hakuna anayesukuma. Ndani ya kisima vijana walikuwa wamepangana kutoka chini hadi juu, wanapitishana ndoo huku wanaimba. Palikuwa na mzee mmoja mfupi ameketi juu ya jiwe na fimbo. Wao humwita *abba herega*, baba wa zamu. Yeye ndiye anayesema nani anywe sasa na nani angoje, na hata tajiri wa ngamia mia hamjibu vibaya.

Guyo alimsalimia. Salamu zilichukua muda: watu, mifugo, mvua, majani, amani. Kisha mzee akauliza swali, na Guyo akamjibu bila kucheka, ingawa wageni walicheka alipotutafsiria. Mzee alikuwa ameuliza, "Hawa wanyama wenu wawili wa chuma walikunywa lini?" Kwa sababu sheria ya pale ni moja: aliyekaa siku nyingi zaidi bila maji ndiye anayetangulia.

"Jana jioni," Guyo alikuwa amejibu.

Halafu mzee akauliza la pili, na hapo Guyo hakutafsiri haraka. Farah anajua Kiborana, akatuambia kwa sauti ya chini. "Anauliza, maji mliyotoka nayo yako wapi. Hapa mtu akimwaga maji, anasema mwenyewe mbele ya kisima kabla ya kupewa mengine. Si mimi mwenye magari, si mkubwa wa watu. Aliyemwaga."

Guyo alitoa kofia yake. Alisema maneno machache kwa Kiborana, kisha akageuka akayarudia kwa Kiswahili, nadhani ili wageni wasikie. "Ni mimi iliharibu. Macho yangu imezeeka. Hii ni safari yangu ya mwisho."

Nilimwona Guyo ameshika kofia kwa mikono miwili, mtu niliyemwona akivuka laga bila viatu mara mia, na niliona aibu.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Zile jerikeni nne zilikuwa za dizeli. Mimi ndiye niliyezimimina bila kuonja. Na asubuhi nilijua, nikanyamaza."

Mzee wa zamu hakujua Kiswahili. Aliinua fimbo, akamuuliza Guyo nimesema nini.

Na Guyo hakujibu. Ndiye mtafsiri wetu, na alinitazama tu. Nilidhani atanitukana. Nilidhani ataondoka. Mzee akauliza mara ya pili. Ndipo Guyo akatafsiri, polepole, neno kwa neno, na kadiri alivyoendelea ndivyo mgongo wake ulivyonyooka. Alipomaliza alivaa kofia.

Mzee wa zamu akacheka, na vijana kisimani wakacheka naye. Farah alitutafsiria baadaye. Alisema, "Nimekaa kwenye jiwe hili miaka mingi, watu wanagombania maji. Leo ndiyo mara ya kwanza naona watu wawili wanagombania kosa."

Hukumu yake ilikuwa hivi. Watu wanywe sasa hivi, maana mtu mwenye kiu hana zamu. Magari yangoje mpaka ngamia wa mwisho. Lile pipa liende mbali likamwagwe mahali ambapo hata mbuzi hapiti, na lisibebe maji tena maisha yake yote. Na huyu mama aliyemimina bila kuonja, asimame kwenye birika apokee ndoo na kuzimimina kwa ngamia hadi wamalize.

Basi nikasimama. Ndoo inakuja, namimina, inarudi. Ngamia mmoja anakunywa maji mpaka unafikiri ametoboka. Viganja vyangu vilichubuka. Kabla ya kila ndoo, yule mzee alinipigia kelele neno moja, na vijana wakalichukua wakaliweka ndani ya wimbo wao. Nilimuuliza Farah linamaanisha nini. Akasema, "Anakuuliza, umeonja?" Nikawa naonja. Kila ndoo, funda moja. Nilimaliza tumbo likiwa limejaa kama la ngamia, na yule mwalimu wa hesabu akaniambia alikuwa anahesabu ndoo, lakini aliniona nimechoka akaacha.

Nilimfuata Farah nikamwambia afanye atakavyoona. Alikuwa anafunga jerikeni juu ya gari. Bila kugeuka akasema, "Wallahi, Mama Kendi, nina hasira nawe. Lakini watu hawajala." Kisha akaenda kwa Guyo. Sikusikia walichosema, ila nilimwona Farah ameinamisha kichwa na kushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, na hakuuachia upesi.

Guyo hakusema nami siku hiyo ila mara moja. Nilimpelekea chakula, nikasema nisamehe. Akatazama sahani.

"Masaa nne, Mama Kendi," alisema. "Masaa nne mimi nilikuwa natafuta akili yangu kwa barabara. Na wewe iko nayo mfukoni."

Nililia.

Asubuhi iliyofuata nilipanga jerikeni zote za maji mstari mmoja, nikafungua vifuniko, nikaenda kwenye pikapu yake. "Mzee Guyo, kuja uonje." Alichukua muda kushuka. Akafungua kikombe kutoka kwenye mshipi, akapita jerikeni kwa jerikeni, anaonja, anatema. Kwenye ya mwisho hakutema. Alimeza, akasema, "Haya. Lakini sukari iko wapi?" Nikajua tutaishi.

Aliendesha miaka minne mingine. Macho yake yalipochoka kabisa ni yeye aliyemwambia Farah, si Farah aliyemwambia, akarudi Kulamawe na kununua ng'ombe watatu, ambao nasikia anawaimbia sasa wakiwa hai, na hawapendi. Siku ya kuondoka alikuja uani, akafungua ile kamba kwenye mshipi, akanipa kikombe. Kwa watu wengine ningeuliza ni cha nini.

Mimi nilikitumia mpaka safari yangu ya mwisho. Sasa mna mapipa yenye mabomba na vichungi, lami imefika Moyale, na mnajua mambo mengi ambayo Guyo hakuyajua. Nawapenda kwa hayo, msidhani nawasema tu. Lakini kesho alfajiri mnatoka uani, na mimi nitakuja, magoti yakitaka yasitake. Nitafungua kila jerikeni mbele yenu. Najua mmoja wenu atakasirika na kuniambia mbele ya watu, "Mama, maji ni yangu," na wengine watacheka.

Huyo ndiye nitakayempa kikombe.